Kupangisha nyumba Nakaloke: paa, mkataba na kodi kabla ya kujenga chumba kingine

Mji wa Nakaloke, uliokuwa na baraza lake katika Wilaya ya Mbale, sasa ni sehemu ya Divisheni ya Kaskazini ya Jiji la Mbale, lililoanza rasmi tarehe 1 Julai 2020. Kwa familia nyingi za hapa, na kwa ndugu zao wanaotuma fedha kutoka Kampala, Nairobi au Ghuba, uwekezaji unaofikiriwa kwanza ni safu ya vyumba vya kupangisha karibu na barabara kuu iendayo Kumi na Soroti. Nchini Uganda vyumba hivyo huitwa mizigo, jina ambalo msikilizaji wa Kiswahili hulisikia kwa maana nyingine. Kwa mwenye nyumba asiyejipanga, maana hiyo nyingine ndiyo inayotimia.

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo yanayoharibu nyumba kuliko kitu kingine chochote chini ya Mlima Elgon. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale, ikaua watu na kubomoa makazi. Mafuriko ya namna hiyo hayatokei kila mwaka. Kinachotokea kila mwaka ni tundu dogo la msumari katika bati, ambalo hudondosha maji juu ya mbao za kenchi hadi zikaoza, kisha hulowesha lipu ya ukuta, na mwishowe humhamisha mpangaji.

Wakati mzuri wa kupanda juu ya paa ni Januari na Februari, kabla ya mvua za Machi. Fundi akague misumari iliyolegea na mipira yake iliyochakaa, kofia ya paa, na mahali bati moja linapolalia jingine. Anayenunua mabati mapya akumbuke kwamba katika vipimo vya geji namba hupungua kadiri bati linavyokuwa nene: geji 28 ni nene kuliko geji 32. Tofauti ya bei huuma siku ya kununua, lakini bati jembamba hubonyea fundi anapolikanyaga, na pale palipobonyea maji hutuama.

Chini nako kuna kazi. Maji yanayodondoka kutoka paani yakichimba udongo kando ya msingi, matofali ya chini hunyonya unyevu na rangi hubanduka hata kama ilipakwa mwezi uliopita. Kuipaka upya ni kupoteza fedha. Kinachohitajika ni mfereji wa kuyaelekeza maji mbali, na ukanda wa saruji kuuzunguka ukuta. Njia za udongo za mchwa zinazopanda ukutani zisifagiliwe tu, bali zifuatwe hadi zinakotoka na kutibiwa huko, la sivyo miimo ya milango italiwa ikiwa imesimama. Choo cha shimo nacho kikaguliwe kabla ya mvua, kwani shimo lililokaribia kujaa likiingiwa na maji huwa si tatizo la nyumba moja tena.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme chumba kinapangishwa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kikivuja na kukaa kitupu miezi miwili, 120,000 zimekwenda, na bado paa halijatengenezwa. Mwenye nyumba anayetenga sehemu ndogo ya kila malipo anayopokea, tuseme shilingi 5,000 kwa kila chumba, huwa na fedha za fundi kabla mpangaji hajaanza kutafuta pengine.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega, maana neno "kodi" hutumika kwa fedha anazolipa mpangaji na pia kwa fedha inazodai serikali. Katika makala haya, za kwanza tutaziita pango. Mtu binafsi anayepata pango hulipa kodi ya mapato ya asilimia 12 kwa kiasi kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Mwenye vyumba sita vya 60,000, vyote vikiwa na watu mwaka mzima, hupokea 4,320,000. Ukitoa 2,820,000 hubaki 1,500,000, na asilimia 12 yake ni 180,000. Wengi hawajui kwamba mtu binafsi haruhusiwi kupunguza gharama za ukarabati kabla ya kukokotoa kodi hiyo. Bati ulilonunua halipunguzi hata shilingi moja ya deni lako kwa Mamlaka ya Mapato. Zaidi ya hapo, jiji linaweza kutoza kodi ya majengo kwa nyumba za kupangisha, ingawa nyumba anayoishi mwenyewe husamehewa.

Ndiyo sababu tunasita kumshauri mtu ajenge kwa mkopo. Chukua chumba kilichogharimu milioni sita. Pango lake ni 720,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya miaka minane kuirudisha fedha hiyo, bila kuhesabu kodi, matengenezo na miezi ya utupu. Akikopa milioni hizo kwa riba ya asilimia 18, kiwango kisicho cha ajabu nchini, riba ya mwaka wa kwanza pekee ni 1,080,000. Chumba hicho hakiwezi kujilipia. Mwenye vyumba vinne vinavyovuja atapata faida kubwa zaidi kwa kuviziba kuliko kwa kuongeza cha tano.

Anayejenga hata hivyo aanze kwa majirani na mwenyekiti wa LC1, awaulize kiwanja ni cha nani na maji hupita wapi wakati wa masika. Ardhi nyingi ya eneo hili humilikiwa kimila, na sahihi ya ndugu mmoja huenda isiwafunge wengine. Kisha aende kwa ofisi ya mipango miji kuomba kibali, kwani Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 inakitaka.

Jambo linalozua ugomvi mwingi ni mpangaji asiyelipa. Kung'oa mlango au kuezua mabati juu ya kichwa chake ni mazoea ya zamani, na wapo wanaoyaona kuwa haki yao. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inasema vinginevyo: kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama ni kosa. Sheria hiyo humtaka mwenye nyumba ahakikishe makazi yanafaa kwa binadamu, huzuia amana isizidi pango la mwezi mmoja, na huweka ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha pango, baada ya kutoa taarifa ya siku 60. Mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi lazima uandikwe. Chumba cha 60,000 huvuka thamani hiyo katika mwezi wa tisa, kwa hiyo ni salama kuandika tangu siku ya kwanza, katika lugha ambayo pande zote mbili huielewa, mbele ya shahidi. Mwenye stakabadhi husikilizwa haraka zaidi mbele ya hakimu kuliko mwenye hasira.

Kwa walio mbali, msimamizi asiwe tu mkusanya pango. Mwagize akutumie picha za paa kwa ndani na kwa nje kila Februari, pamoja na stakabadhi za vifaa, na kila chumba kiwe na mita yake ya Yaka ili deni la umeme la mmoja lisiwazimie taa wengine watano.