Nyaya za Meno na Mizizi Inayofupika

Siku hizi nyaya za meno si kitu cha ajabu huku Pwani. Wanafunzi wanazivaa, na hata watu wazima wenye watoto wao. Mimi sizipingi, maana meno yaliyopandana husafishika kwa taabu. Lakini kuna jambo ambalo wazazi wengi huambiwa juu juu tu: mzizi wa jino waweza kufupika wakati wa matibabu.

Jino halikukaa ndani ya taya kama msumari kwenye ubao. Limezungukwa na mfupa ulio hai. Waya unapolisukuma, mfupa wa upande unaobanwa huliwa na chembe maalumu za mwili, na upande wa pili hujengwa mfupa mpya. Ndivyo jino linavyohama. Taabu ni kwamba msukumo ukizidi nguvu au ukidumu mno, chembe za aina hiyo huugeukia mzizi wenyewe, hasa kwenye ncha.

Kufupika kidogo, kama milimita moja hivi, huwapata wengi na hakuna madhara. Wachache, kati ya 1 na 5 katika kila 100, hupoteza zaidi ya milimita 4 au thuluthi ya mzizi. Meno ya mbele ya juu ndiyo huathirika zaidi. Walio hatarini ni wenye mizizi mifupi au iliyochongoka, waliowahi kuanguka wakaumia meno, na wanaokaa na nyaya muda mrefu. Na urithi pia umo.

Hakuna maumivu, na kioo hakionyeshi kitu. Ni eksirei tu: moja kabla ya kuanza, nyingine baada ya miezi 6 hadi 12. Mpwa wangu alipopigwa ya pili, ncha za meno mawili zilionekana zimeanza kuwa butu. Daktari akasitisha kuvuta kwa miezi mitatu, kisha akaendelea kwa nguvu ndogo. Dadangu alinung'unika kuwa muda unapotea. Nikamwambia, je, jino likipotea?

Mzizi uliofupika haurudi urefu wake. Hata hivyo, nyaya zikitolewa kwa kawaida huacha kuliwa, na jino hilo laweza kudumu miaka mingi ufizi ukiwa mzima.

Basi mzazi, usimhimize daktari akaze waya ili amalize haraka. Muulize picha ya mwisho ilipigwa lini, na umweleze kama mtoto aliwahi kuanguka akaumia meno, hata kama ni zamani.