Gari limegeuza Kimara, LATRA iko wapi?

Kama u mzima na umefika salama ulikokuwa unakwenda, shukuru, maana kufika Bongo si jambo dogo. Mwenzio jioni moja mwishoni mwa 2024 nilipanda gari la Mbezi. Limeandikwa Mbezi kwa herufi za kutosha, konda anaita Mbezi mpaka koo linamkauka, na nauli ya Mbezi tumetoa wote. Kufika Kimara, dereva akakata kona. "Mwisho wa gari! Mbezi panda la mbele!"

Basi bwana, ikawa kasheshe. Vijana wakatukana, wakashuka. Mama mmoja mtu mzima, kikapu mkononi, akagoma kunyanyuka. "Nauli yangu ya Mbezi umekula, sishuki. Nitakupeleka LATRA wewe!" Konda akacheka. "Nipeleke bi mkubwa, nauli ya kwenda huko unayo?"

Gari zima likacheka, na mimi nikiwemo. Lakini nilipokuwa nasubiri gari la pili nikajiuliza, hivi huyu LATRA tunayemtaja kila tukionewa ni nani hasa, na kwa nini konda hamwogopi?

Jina lake kamili ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Imeanzishwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019, na kazi yake ni Tanzania Bara. Kabla yake ilikuwepo SUMATRA, ya sheria ya mwaka 2001, iliyobeba nchi kavu na majini kwa pamoja. Mambo ya meli sasa yako TASAC. Wakongwe wa jiji watakukumbusha na CTLA, ile ya sheria ya leseni za usafirishaji ya mwaka 1973. Majina yamebadilika, lakini daftari ni lile lile la nani apewe leseni, apite njia ipi na atoze shilingi ngapi. Daladala, basi la mkoani, teksi, bajaji, bodaboda, lori la mizigo na treni, wote hao ni wateja wake. Mashimo barabarani usimlaumu yeye. Na yule askari mwenye nguo nyeupe anayesimamisha gari si mtu wake, huyo ni polisi.

Tuje kwenye pesa, ndipo panapouma. Desemba 8, 2023 nauli mpya zilianza, na daladala ya umbali usiozidi kilomita 10 ikatoka shilingi 500 kwenda 600. Mwaka 2022 ilikuwa imetoka 400 kwenda 500, kwa hiyo ndani ya miaka miwili tulipigwa mia mbili. Basi la kawaida la mikoani lilitoka shilingi 41.29 kwa kilomita hadi 48.47, na la daraja la kati likatoka 56.88 hadi 67.84. Chukua kalamu ujipigie hesabu. Kilomita 450 kwa basi la kawaida ni kama shilingi 21,800. Wengi hatujui kwamba hiyo ni nauli ya ukomo, yaani mwenye basi akipenda atoze chini yake, ruksa. Juu yake ni kosa. Ikifika Desemba, watu wa Moshi na Arusha wanapokwenda kuhesabiwa, ndipo utakapoona maana ya neno "ukomo". Maofisa wa LATRA huwa stendi, na kuna mabasi yameshalazimishwa kuwarudishia abiria chenji yao hadharani.

Mwanafunzi yeye aliachwa kwenye shilingi 200 yake. Safi sana kwenye karatasi. Simama kituoni saa kumi na mbili asubuhi uone watoto wenye sare wanavyosukumwa mlangoni. Konda anapiga hesabu ya haraka kwamba siti ya mwanafunzi ni theluthi ya siti ya mtu mzima wa 600. Anajua ni kosa, ila mtoto wa darasa la tano atamshitaki wapi?

Sasa panda basi la mkoani uone LATRA nyingine kabisa. Huko mabasi yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwenendo, wenyewe wanakiita VTS. Basi likizidi kilomita 80 kwa saa, taarifa inakwenda ofisini hata kama dereva yuko porini peke yake. Dereva mwenyewe ana kitufe chake cha utambulisho, kwa hiyo inajulikana ni nani yuko kwenye usukani. Safari ikizidi saa nane wanatakiwa madereva wawili. Wajanja wapo, wamejaribu kukichezea kifaa, na kuna mabasi yamefungiwa kwa kosa hilo. Lakini angalau dereva anajua kuna jicho. Bila jicho hilo sidhani kama kuna mtu angethubutu kurudisha mabasi ya usiku, yaliyozuiwa tangu miaka ya 1990 na kuruhusiwa tena mwaka 2023.

Kwenye reli nako wamo. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, nauli ilikuwa imeshapitishwa na LATRA. Daraja la kawaida lilipangiwa shilingi 13,000 kwenda Morogoro na 31,000 kwenda Dodoma, na mtoto wa chini ya miaka minne bure. Ile treni hukimbia mpaka kilomita 160 kwa saa, mara mbili ya basi, kwa hiyo usalama wake si wa kukaguliwa kwa macho tu na mtu aliyesimama kituoni.

Na washikaji wa teksi za simu wanakumbuka mwaka 2022. LATRA iliamuru kampuni zenye programu zisimkate dereva zaidi ya asilimia 15. Madereva wakashangilia. Uber wakafunga virago Aprili ile ile, na sisi wa kurudi usiku tukakoma. Ukomo ulipopandishwa hadi asilimia 25, Uber wakarudi mwaka 2023. Kwa maoni yangu hapo ndipo mwamuzi alipojifunza kwamba ukipuliza kipenga sana, timu moja inaweza kutoka uwanjani.

Turudi Kimara, mama bado kagoma. Leseni ya lile gari inataja njia yake mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kugeuza katikati ni kuvunja masharti. Dereva analijua hilo kuliko mimi. Nilimuuliza mmoja wao siku nyingine, tukiwa kijiweni, kwa nini wanafanya hivyo. Akanijibu bila aibu, "Braza, tajiri anataka hesabu yake saa nne usiku. Foleni ya kwenda ni saa nzima, na kurudi narudi mtupu. Nikigeuza Kimara napata tripu mbili za watu. Hesabu isipotimia, kesho gari anapewa mwingine."

Hapo nikanyamaza. LATRA imepanga nauli, imepanga njia, ila ile hesabu ya tajiri haikuandikwa kwenye leseni, na ndiyo inayoendesha gari. Unaweza kumpiga faini dereva leo, atazirudisha hizo hela kesho kwa kugeuza mara tatu badala ya mbili. Anayepaswa kubanwa ni mwenye gari, ambaye muda huo yuko kwake, kajinyoosha, anatazama taarifa ya habari.

Yule mama alishuka baada ya dakika ishirini, konda alipomrudishia nauli yake kwa kuitupa kwenye kikapu. Kabla hajaondoka akaniomba nimsomee namba ya gari, akaiandika kiganjani kwa kalamu ya mjukuu wake, taratibu, herufi moja moja. Konda hakucheka tena.

Wiki iliyofuata nilipanda gari lile lile. Konda akaniangalia, akanikumbuka. "Leo tunafika mwisho, braza," akasema, halafu akanyoosha mkono kudai nauli. Tulifika Mbezi.