Gari Juu ya Mawe: Limalizwe au Liuzwe?

Ludara ni mahali pa wakulima katika Wilaya ya Koboko, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, wilaya inayopakana na Kongo na Sudan Kusini. Huko nilikwenda kumtembelea dada yangu, nikamkuta shemeji ameketi chini ya mwembe akilitazama gari lake. Ni Land Rover ya zamani, iliyokaa juu ya mawe manne kwa miaka sita. Injini imefunikwa turubai, milango imeegemezwa ukutani, na kuku wamefanya kiti cha dereva kuwa pahali pa kutagia.

Kazi ile ilianzwa na marehemu kaka yake shemeji. Alinunua chasisi kwa mtu mmoja, injini kwa mwingine, akawa anakusanya vipuri kidogo kidogo kila alipouza mazao. Alipofariki, mdogo wake akaiendeleza. Sasa muhula wa Februari ulikuwa unakaribia, watoto wawili walidaiwa karo, na mnunuzi kutoka Arua alikuwa amekwisha kuuliza bei.

“Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga,” shemeji aliniambia. Dada yangu akajibu kwa upole: “Baba watoto, maji haya tumeyavulia nguo miaka sita, na bado hatujalowa.”

Ndugu msomaji, jambo hili si geni. Nchini Uingereza watu huunda magari nyumbani kwa kujistarehesha. Gari la Lotus Seven, lililotoka mwaka 1957, liliuzwa likiwa vipande, na mnunuzi aliyeliunga mwenyewe aliepukana na kodi. Kwetu gari linaloundwa uani aghalabu si la starehe. Ni tumaini la kufikisha muhogo sokoni na mgonjwa hospitali. Ndiyo maana kuliacha ni kugumu.

Hata serikali zimewahi kukwama. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kikenya. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani, nayo yalitembea. Lakini fedha za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana, na mradi ukaishia kwenye magari machache ya majaribio. Ujuzi ulikuwapo, kilichokosekana ni fedha za kumalizia.

Basi mwenye gari afanyeje? Kwanza alikague bila huruma. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya alumini, nayo haili kutu kama chuma. Kwa hiyo gari linaweza kupendeza machoni huku chasisi yake, iliyo ya chuma, inaliwa kutoka ndani. Chukua nyundo ndogo uigonge chasisi tangu mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito na kumwaga magamba.

Pili, tazama karatasi. Namba ya chasisi na ya injini zilinganishwe na zile za kitabu cha usajili. Gari lililokusanywa kutoka magari mawili laweza kutembea vizuri kabisa, na bado likakosa ruhusa ya kuwa barabarani.

Tatu, fanyeni hesabu mume na mke pamoja, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ndipo wengi hukosea. Huhesabu fedha zilizokwisha kutumika, wakati fedha hizo hazirudi, gari likimalizwa au likiuzwa. Ya kuhesabiwa ni yaliyo mbele tu.

Tuchukue mfano. Gari likiuzwa kama lilivyo litaleta shilingi 3,000,000. Likikamilika litauzwa kwa 8,000,000, lakini zinahitajika 4,500,000 za giaboksi, breki, matairi, nyaya na fundi. Toa gharama hiyo, zitabaki 3,500,000. Faida ya kazi ya mwaka mzima ni 500,000 peke yake. Gharama ikipanda kwa 1,000,000, kama ilivyo kawaida ya magari, mwenyewe atakuwa amepata hasara.

Hata hivyo, si kila gari liuzwe. Ikiwa chasisi ni nzima, karatasi ni safi, fedha za kumalizia zipo mkononi pasipo kukopa, na kuna kazi ya kila wiki inayolingoja, basi limalizwe. Lakini iwekwe tarehe ya mwisho, iandikwe, na isisogezwe.

Jioni ile dada yangu alileta daftari la shule na taa. Chasisi ilikuwa nzima, lakini namba ya injini haikulingana na kitabu, na fedha za kumalizia zilikuwa zilezile za karo. Shemeji alinyamaza kwa muda mrefu. Alisema kuuza ni kama kumzika kaka yake mara ya pili. Dada akamwambia: “Marehemu alituachia gari. Hakutuachia deni, wala hakutaka wanawe wakae nyumbani kwa ajili ya chuma.”

Gari liliuzwa wiki iliyofuata, kwa mapatano yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kasoro ya namba ikitajwa wazi ili mnunuzi asije akadanganyika. Karo ililipwa. Fedha zilizosalia hazikutosha gari, lakini zilitosha pikipiki iliyokwisha tumika, nayo hupeleka muhogo sokoni.

Mawe manne yangali chini ya mwembe. Shemeji huketi juu ya mojawapo anapopumzika, na kuku wametafuta pahali pengine pa kutagia.