Isiolo: Ibada Katika Mji wa Kizuizi

Mgeni anayezuru Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, huelekezwa kwanza kwenye eneo la Hazrati Imam, ambako umehifadhiwa msahafu wa kale ulioandikwa juu ya ngozi na kunasibishwa na Khalifa Uthman bin Affan, na mbele ya kitu kama hicho ukongwe wenyewe ndio unaoleta heshima. Kipimo hicho kikiletwa Isiolo, mji ulioko kilomita zipatazo 285 kaskazini mwa Nairobi, hakimfai mtu, kwa kuwa mji huu ulianza kushika umbo katika miaka ya 1920 na majengo yake mengi ni ya juzi tu. Linalofaa kuulizwa hapa ni nani aliyezuiwa mahali hapa, akakaa, hata akahitaji pa kusali na pa kuzika.

Serikali ya kikoloni iliitenga nchi ya kaskazini ikaiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, maarufu kwa herufi NFD, na chini ya Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 mtu aliweza kukatazwa kuingia katika eneo lililofungwa bila pasi, yaani kibali cha maandishi. Isiolo ndiyo iliyokuwa lango lake. Palikuwa na kizuizi barabarani, na palikuwa na karantini, yaani malisho yaliyotengwa kwa mifugo itokayo kaskazini ili isipeleke homa ya mapafu ya ng'ombe kwenye mashamba ya walowezi huko juu. Ng'ombe alingoja mpaka daktari wa mifugo aridhike. Mwenye ng'ombe naye alingoja mpaka afisa wa wilaya aridhike, na si ajabu kwamba mara nyingine ng'ombe ndiye aliyetangulia kuruhusiwa.

Miongoni mwa waliokaa wakawa wenyeji ni askari wa Kisomali wa koo za Isaaq na Harti, waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza kisha wakapewa mahali pa kuishi na kulisha mifugo yao, nao ni miongoni mwa watu walioutia Uislamu mizizi mjini, kabla ya Waborana wa Waso, yaani wale wa bonde la mto Ewaso Nyiro, kusilimu kwa wingi katika miongo iliyofuata. Mwaka 1937 wakawekwa kambini hapa wakimbizi wa Ethiopia waliokimbia uvamizi wa Italia, ambao baadaye walihamishiwa Taveta. Atakaye kuuona mji ulivyokaliwa na asikilize makondakta wakitaja vituo: Kambi Garba, Kambi Odha, Kambi ya Juu, na Bulla Pesa, ambapo bulla kwa Kisomali ni kitongoji.

Wadi moja ya mji inaitwa Wabera, kwa kumkumbuka Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa kwa risasi mwezi Juni 1963 pamoja na chifu Haji Galma Dida walipokuwa safarini kuelekea Modogashe. Vita vya Shifta, yaani mapigano kati ya serikali ya Kenya na waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vilivyofuata hadi 1967 viliwasukuma wafugaji kambini na kuwamalizia mifugo, na Waborana wa Waso huviita gaafa daba, majira ya kusimama.

Kanisa kuu la Kikatoliki limepewa jina la Mtakatifu Eusebio, askofu wa kwanza wa Vercelli, Italia, aliyefariki mwaka 371 na aliyepata kufukuzwa mjini mwake kwa kuitetea imani ya mtaguso wa Nikea. Jina hilo lilifika kwa njia ya mapadre wa Vercelli, mmoja wao akiwa Luigi Locati, aliyeongoza vikarieti ya kitume ya Isiolo, yaani eneo ambalo halijawa jimbo kamili na huongozwa kwa niaba ya Papa, iliyoundwa mwaka 1995. Aliuawa kwa risasi hapohapo Isiolo tarehe 14 Julai 2005, na vikarieti hiyo ikapandishwa kuwa jimbo mwaka 2023.

Katika Msikiti wa Jamia, yaani msikiti wa swala ya Ijumaa, mgeni asiye Mwislamu huomba ruhusa kwanza, huvua viatu, hujistiri na huepuka nyakati za swala. Akiruhusiwa, na atazame mihrabu, yaani kishubaka cha ukutani kinachoonyesha kibla. Kutoka Isiolo, Makka iko karibu kaskazini kabisa, ikiegemea mashariki kidogo tu, hivyo safu za waumini huelekea upande uleule inakokwenda barabara ya Marsabit na Moyale, upande ambao zamani haukuendeka bila pasi.