Goti Lipigwe Picha Likiwa na Mzigo

Asilimia 107 ya uzito wa mwili: huo ndio mzigo unaolemea goti moja mtu anaposimama kwa miguu miwili. Akisimama kwa mguu mmoja ni asilimia 259, akishuka ngazi 346. Watafiti wa Berlin walizichapisha namba hizo mwaka 2010, baada ya kupima magoti bandia yenye vihisi ndani yake. Kwa mtu wa kilo 70, kila hatua ya kushuka ni kilo 242.

Alale kitandani, na karibu mzigo wote unaondoka. Ndivyo magoti mengi yaliyosagika yanavyopigwa picha hadi leo, na ni kosa.

Eksirei haionyeshi gegedu. Daktari hupima mwanya kati ya mfupa wa paja na wa muundi, ambao katika goti zima ni milimita 4 hadi 5 hivi, kisha hukadiria gegedu lililobaki. Bila uzito mifupa haikaribiani, hivyo mwanya huweza kuonekana mpana hata pale gegedu lilipokwisha. Ahlbäck wa Sweden alisisitiza picha ya kusimama tangu 1968. Mwaka 1988 Rosenberg na wenzake, Marekani, waliongeza jambo: mgonjwa asimame amekunja goti nyuzi 45, mionzi ipigwe kutoka nyuma ikiinamishwa nyuzi 10. Gegedu mara nyingi huliwa upande wa nyuma, mahali ambapo mguu ulionyooka haupagusishi.

Gharama ya ziada? Mashine ni ileile na mionzi ni kidogo vilevile. Kinachoongezeka ni dakika chache za kumpanga mgonjwa. Picha ya kulala ikidanganya, mgonjwa hurudishwa nyumbani na vidonge, au hutumwa MRI iliyo ghali mara nyingi zaidi, ambayo kwa kawaida nayo hupigwa amelala. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 365 wenye magoti yaliyosagika.

Kwa wastani mwanya hupungua kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka. Picha ya mwaka jana ikiwa ya kulala na ya mwaka huu ya kusimama, tofauti ya milimita nzima haimwambii daktari lolote kuhusu kasi ya ugonjwa. Fomu ya eksirei iandikwe: amesimama, na nyuzi ngapi. Asiyeweza kusimama apigwe amelala, na hilo nalo liandikwe.