MAELEZO KWA WANAOANZA UDEREVA WA MALORI YA MASAFA MAREFU

Wananchi wa Ngarambe, wa vijiji vya delta ya Rufiji na wa Kisiwa cha Mafia, ambao vijana wao wanakusudia kuingia katika udereva wa malori ya masafa marefu kwenye makampuni makubwa ya usafirishaji, wanafahamishwa mambo yafuatayo kuhusu kazi hiyo, na hasa yale yanayopaswa kukamilishwa kabla lori halijatoka bandarini.

Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa mbali na watu wa Rufiji. Aliyetoka kusini mwa mto alilazimika kusubiri kivuko cha Ndundu, na masika yalipokolea alisubiri siku nyingi. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ya kipande cha Ndundu hadi Somanga ikafuata baada ya miaka kadhaa. Sasa kijana wa Ngarambe hufika Dar es Salaam kwa njia ya Ikwiriri na Kibiti, na wa Mafia huvuka hadi Nyamisati na kuungana na barabara hiyo hiyo. Hata hivyo mvua bado zina neno la kusema: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, na malori yakakwama pande zote mbili.

Kazi yenyewe ina historia. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwezi Novemba 1965, njia ya kusini ya mafuta na shaba ya Zambia ilivurugika. Mwaka 1966 Serikali za Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya malori, wakishirikiana na Waitalia, na magari ya Fiat yakaanza kupanda na kushuka kati ya Dar es Salaam na Zambia kwenye barabara ya vumbi na tope. Ajali zilikuwa nyingi hata barabara hiyo ikapewa jina la Njia ya Jehanamu. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Barabara hiyo, inayopita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, ndiyo ambayo dereva mpya wa leo hupangiwa mara nyingi, akipeleka mafuta, mbolea na bidhaa za makontena na kurudi na shaba ya Zambia na ya Kongo.

Kuhusu leseni, ifahamike kwamba haipatikani kwa mkato. Mwombaji huanza na leseni ya kujifunzia, husoma katika chuo kinachotambuliwa, kama vile vyuo vya VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, hujaribiwa na Polisi wa Usalama Barabarani, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato. Daraja D ni la magari madogo. Malori yanahitaji daraja E. Anayenunua leseni kwa kishoka hujitia kitanzi mwenyewe, kwa kuwa makampuni makubwa huwa na mtu wa kumpima dereva barabarani kabla ya kumwajiri, na huyo hatazami kadi bali mikono.

Hapa ndipo vijana wengi hukata tamaa, kwani makampuni hayo hutaka uzoefu wa miaka kadhaa, na uzoefu haupatikani bila gari. Njia iliyozoeleka ni kuanza utingo. Utingo hufunga turubai, hulinda mzigo usiku, hubadili tairi, na akiwa na dereva mwema hujifunza kusikiliza injini. Wengine huanza na malori ya safari fupi, yanayobeba ufuta, korosho na mbao kutoka wilayani. Ni njia ndefu, lakini ndiyo iliyowatoa madereva wengi wazuri.

Jambo la kwanza ambalo chuo hugusia na barabara humalizia ni breki. Lori la masafa marefu hutumia breki za upepo. Mashine huingiza hewa katika mitungi, na hewa hiyo ndiyo inayosukuma breki za kichwa na za tela. Maji hukusanyika ndani ya mitungi, kwa hiyo hufunguliwa na kutolewa kila siku. Katika mteremko mrefu, dereva anayekanyaga breki mfululizo huzitia moto. Zikishapata moto hazishiki tena hata akizikanyaga kwa miguu miwili. Mlima Kitonga mkoani Iringa hupandwa na lori linalokwenda, lakini hatari yake kubwa ni kwa lori linalorudi likiwa na shaba. Kanuni ya wazee wa kazi ni kuchagua gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, na kuacha injini ndiyo izuie gari. Anayejaribu kubadili gia katikati ya mteremko huweza kuikosa, na gari likabaki huru.

Wapo wanaoweka gia huru kwa makusudi ili mafuta yasalie. Sababu yake si siri: dereva hupimiwa dizeli ya safari, na kilichobaki huuzwa njiani. Makampuni sasa hufuatilia magari kwa setilaiti, na upungufu wa mafuta hukatwa katika mshahara. Kwa hiyo lita chache zilizouzwa Makambako huweza kugharimu mshahara wa mwezi, au roho.

Aidha, uzito wa gari ni wajibu unaomgusa dereva moja kwa moja. Kwa mujibu wa Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini mwezi Machi 2019, lori pamoja na mzigo lisizidi tani 56, na kila ekseli ina kiwango chake. Mzigo unaweza kuwa halali kwa jumla ukazidi kwenye ekseli moja, kwa sababu tu umepangwa vibaya. Dereva mpya asikubali kuondoka kabla ya kuona karatasi ya uzito. Kwa mzigo unaovuka mpaka, akague pia lakiri ya forodha, kwani ikikutwa imevunjwa, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Linalohitaji mkazo kuliko yote ni mkataba. Mwezi Aprili na Mei 2015 madereva nchini waligoma, na miongoni mwa malalamiko yao ni kufanya kazi bila mikataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, ambayo ni ya Tanzania Bara, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi kazi yake, saa zake, ujira wake na namna unavyokokotolewa. Kijana wa Ngarambe anayeambiwa kwamba "mkataba utafuata ukirudi" aelewe kwamba anakabidhiwa gari na mzigo wa mamilioni ya shilingi huku yeye mwenyewe hana karatasi.

Mkataba usomwe hasa mahali palipoandikwa makato. Sheria hairuhusu mwajiri kukata fedha za hasara apendavyo. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Posho ya safari nayo iandikwe peke yake, isichanganywe na mshahara, maana posho huishia njiani na mshahara ndio unaofika nyumbani. Mwajiri anapaswa pia kumwandikisha dereva NSSF. Michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri peke yake, na dereva asikatwe hata senti kwa ajili hiyo.

Dereva anayeachishwa kazi na kuona ameonewa hupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine, pamoja na ya makato, ndani ya siku 60. Siku hizo hupita upesi kwa mtu aliye safarini. Kwa hiyo nakala ya mkataba, karatasi za safari na risiti za mafuta zihifadhiwe nyumbani, kwa mzazi au ndugu anayejua kusoma, na si ndani ya kichwa cha lori.