Homa ya sindano ya pepopunda ina siku zake

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa akina mama wa Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Upanga ni lile lile. Mjamzito amekwenda kliniki, amechomwa sindano ya pepopunda, amerudi kwenye meza yake ya biashara salama salimini. Usiku mkono unauma, kuulalia hawezi. Asubuhi mwili mzito, kichwa kinagonga, na baridi inampita wakati mji mzima unatoka jasho. Jirani anamwambia sindano hiyo ndiyo iliyoharibu mimba ya fulani. Mama mkwe anauliza nani alimtuma akubali kuchomwa. Yeye mwenyewe anataka kujua jambo moja tu: mtoto yuko salama?

Yuko salama. Maumivu ya mkono, uchovu na homa ndogo baada ya sindano hiyo ni mambo ya kawaida, na hayaharibu mimba. Lakini jibu hilo lina mpaka wake. Homa ya chanjo huanza mapema, mara nyingi ndani ya siku moja, na ndani ya siku mbili huwa imekwisha. Ikifika siku ya tatu haijaondoka, au ikipanda sana hata kabla ya hapo, itafutwe sababu nyingine. Hatari kubwa kwa mjamzito wa Dar es Salaam haimo ndani ya bomba la sindano. Imo katika kuugua malaria huku akiambiwa na kila mtu kwamba hiyo ni homa ya sindano, itapita.

Iangaliwe kwanza siku yenyewe ya kliniki. Mama ameamka alfajiri kuwahi foleni, pengine tumboni mna chai ya rangi tu. Amesimama kwenye daladala njia nzima. Amepimwa uzito, presha, mkojo na wingi wa damu. Kama amevuka miezi mitatu ya kwanza, anapewa vidonge vitatu vya SP vya kukinga malaria, na anavimeza papo hapo mbele ya muuguzi, kikombe cha maji mkononi. Anapewa vidonge vya kuongeza damu vya kwenda navyo nyumbani, na pengine dawa ya minyoo. Mwisho kabisa, sindano begani.

Jioni anatapika, na lawama yote inaiangukia sindano, kwa kuwa ndiyo iliyouma. Wakati huo huo SP iliyomezwa kwenye tumbo tupu inajulikana kwa kichefuchefu, na vidonge vya damu ndivyo vinavyosokota tumbo, kufunga choo na kukifanya cheusi. Dawa tatu au nne zimeingia mwilini siku moja, lakini inayosimuliwa mtaani ni moja.

Sasa, ndani ya sindano mna nini? Siku hizi ni Td, yaani kinga ya pepopunda na dondakoo kwa pamoja. Haina bakteria, si wazima wala wafu. Ina sumu ya bakteria iliyotiwa formalini hadi ikapoteza makali yake lakini ikabaki na umbo lake, ili mwili ujifunze kuitambua. Njia hiyo iligunduliwa miaka ya 1920 na Gaston Ramon wa Taasisi ya Pasteur, Ufaransa. Mwaka 1926, Mwingereza Alexander Glenny akaonyesha kwamba sumu hiyo iliyofishwa ikichanganywa na chumvi ya aluminiamu, kinga inayopatikana huwa kubwa zaidi. Chumvi hiyo inachangia sana maumivu ya mkono, na hakuna awezaye kuyaelewa maumivu hayo bila kuelewa inachofanya.

Ikishaingia kwenye msuli, seli za ulinzi zilizo jirani huimeza na kushtuka. Huanza kumwaga kemikali za kuwaita wenzao, zikiwemo zile ziitwazo interlukini. Mishipa midogo ya damu hutanuka, majimaji na seli nyeupe humiminika, na bega linavimba na kupata moto. Sehemu ya interlukini huingia kwenye damu na taarifa yake hufika kwenye haipothalamasi, eneo dogo la ubongo linalopanga joto la mwili. Hapo hutengenezwa prostaglandini E2, ambayo hupandisha kiwango: badala ya nyuzi 37, ubongo sasa unaamini joto sahihi ni 38. Kwa hesabu hiyo mpya, mwili wenye nyuzi 37 umepoa. Misuli inaamriwa itetemeke, mishipa ya ngozi inajibana, na mama anaomba shuka saa saba mchana katikati ya Kariakoo. Panadoli inafanya kazi kwa kupunguza utengenezaji wa prostaglandini hiyo.

Wakati anatetemeka, kazi kubwa inaendelea kwenye tezi za kwapani, ambako seli nyingine zinajifunza kutengeneza kingamwili. Halafu unafuata ufundi ambao haujazoeleka kuelezwa kliniki. Kondo la nyuma halipitishi kingamwili kiholela. Lina kipokezi maalumu kinachozikamata kingamwili za aina ya IgG, kinazisafirisha ndani ya kifuko kidogo hadi upande wa mtoto, kisha kinaziachia. Uvushaji huo hushika kasi miezi mitatu ya mwisho, kiasi kwamba mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na IgG inayolingana na ya mama yake au hata kuizidi. Ndiyo maana wauguzi husisitiza dozi ya pili ichomwe angalau wiki mbili kabla ya kujifungua: kingamwili zinahitaji muda wa kutengenezwa, na muda wa kuvuka.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba kwa wanaopata dozi za nyongeza za pepopunda, kati ya watu 50 na 85 katika kila 100 huumwa na mkono, na kati ya 25 na 30 huvimba au kuwa wekundu. Homa ni ya wachache zaidi, hawafiki 10 katika kila 100. Mzio mkali wa kubana pumzi hutokea kwa watu wachache mno katika kila dozi milioni moja, na huanza mapema. Kwa hiyo mama anapoombwa akae kwenye benchi kidogo kabla ya kuondoka, akae.

Kuna mkono unaovimba kupita kawaida, kutoka begani hadi kwenye kiwiko, saa chache baada ya sindano. Mara nyingi mwenye mkono huo hajakosa kinga, amejaa kinga. Kingamwili za zamani, zikiwa nyingi mno kwenye damu, zinakutana na chanjo mpya pale pale msulini, zinagandana nayo, na mgando huo unawasha moto kwenye kuta za mishipa. Maurice Arthus alieleza jambo hilo mwaka 1903 baada ya kuwachoma sungura mara kwa mara, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Huisha lenyewe bila kuacha kovu la maana.

Chanzo chake mjini mara nyingi ni kadi. Utaratibu ni dozi tano: ya kwanza mama anapoanza kliniki, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita, kisha mbili zinazopishana kwa mwaka mmoja mmoja au zaidi. Aliyekamilisha tano amekingwa kwa miaka yake yote ya kuzaa. Lakini mama anahama kutoka Ilala kwenda Mbagala, kadi ya mimba ya kwanza inapotea, na muuguzi asiye na kumbukumbu hana budi kuanza upya, kwa sababu kurudia dozi ni usumbufu mdogo kuliko mtoto kukosa kinga. Mama anapata dozi ya sita, ya saba, ya nane, na kila mara mkono unavimba zaidi. Kisha anasema chanjo za siku hizi zimekuwa kali. Chanjo haijabadilika ukali; kilichokosekana ni karatasi.

Hofu nayo ina nguvu zake mwilini, na hilo limepimwa. Mwaka 2022 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio 12 ya chanjo za UVIKO-19 yenye washiriki zaidi ya 45,000. Miongoni mwa waliochomwa sindano isiyo na chanjo ndani yake, 35 katika kila 100 walilalamika uchovu, kichwa au dalili nyingine za mwili baada ya dozi ya kwanza. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, ila chanjo haikuwapo. Anayemsimulia mjamzito visa vya kutisha usiku wa kuamkia kliniki anamwongezea maumivu.

Na visa havikomi. Kinachotangulia vyote ni kwamba sindano ya pepopunda ni uzazi wa mpango wa siri. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walitangaza kwamba chanjo iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilikuwa na homoni ya mimba, hCG. WHO na UNICEF walijibu kwamba mashine zilizotumika kuzipima sampuli za chanjo hiyo ni za kupima damu na mkojo wa binadamu, na hazikutengenezwa kupima chanjo, hivyo majibu yake hayawezi kuaminika. Uvumi wa aina hiyo ulikuwa umeshazunguka Mexico na Ufilipino miaka ya 1990.

Mzizi wake unajulikana. Mwanasayansi wa India, G. P. Talwar, alijaribu kutengeneza chanjo ya kuzuia mimba kwa kuiunganisha hCG na sumu iliyofishwa ya pepopunda, ambayo ilitumika kama mbebaji. Jaribio lake lililochapishwa mwaka 1994 lilihusu wanawake 148 waliojua wanachochomwa. Kinga hiyo ilififia yenyewe kila ilipokosa nyongeza, na haikuwahi kuwa chanjo ya pepopunda inayotolewa kliniki. Anayetaka ushahidi wa karibu asome sensa: Tanzania ilikuwa na watu milioni 44.9 mwaka 2012, na milioni 61.7 mwaka 2022, na miaka yote hiyo wajawazito walikuwa wakichomwa sindano hiyo.

Kisa cha pili ni kuharibika kwa mimba. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, zaidi ya 10 huharibika, nyingi katika wiki za mwanzo, chanjo iwepo isiwepo. Nchi yenye wajawazito zaidi ya milioni mbili kwa mwaka lazima iwe na wanaopoteza mimba wiki ile ile waliyochomwa sindano. Uchungu wao unastahili heshima na uchunguzi wa daktari. Haustahili kugeuzwa mtaji wa uvumi.

Mengine yamalizwe haraka. Madafu na maziwa hayaizimui chanjo. Mkono usiouma haumaanishi kwamba sindano ilikuwa maji. Kukanda kwa maji ya moto hakuondoi kitu; kitambaa kilicholowekwa maji baridi kinatuliza zaidi.

Wanaostahili kukemewa bila kupepesa macho ni wanaouza chupa za kutoa sumu ya chanjo mwilini. Chupa haina lebo, haina kipimo, na muuzaji hajui mimba ina miezi mingapi. Hakuna sumu ya kutolewa. Kilichomo kwenye chupa, iwe shubiri au mizizi isiyotajwa jina, kinaweza kuendesha tumbo, kukausha maji mwilini na kuamsha uchungu kabla ya wakati. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka waganga wasajiliwe, na mganga wa kweli hamwuzii mjamzito dawa barabarani. Anayefanya hivyo anacheza na roho mbili kwa faida ya siku moja.

Turudi kwenye siku ya tatu. Kariakoo inapokea wafanyabiashara na mizigo kutoka Lindi, Mtwara, Kigoma na Geita, na vimelea vya malaria husafiri na damu ya abiria. Kwa mjamzito, vimelea hivyo hujificha kwenye kondo la nyuma, vikamnyima mtoto chakula na kumpunguzia mama damu. Dengi imeshaupiga mji huu zaidi ya mara moja, ukiwemo mlipuko wa mwaka 2014 na ule wa 2019, na mbu wake anauma mchana. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo huleta homa na maumivu ya kiuno. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa kwa kusubiri. Tone la damu la kidoleni hutoa jibu la malaria ndani ya nusu saa.

Ushauri, basi. Mama ale kabla ya kwenda kliniki, anywe maji ya kutosha, apumzike jioni hiyo, na homa ikimsumbua ameze panadoli kwa kipimo alichoelekezwa. Madai yaliyotolewa Marekani Septemba 2025 kwamba panadoli ya ujauzito husababisha usonji hayakuungwa mkono na utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2024, uliofuatilia watoto karibu milioni 2.5: walipolinganishwa ndugu wa tumbo moja, tofauti haikuonekana. Diklofenaki, ibuprofeni na vidonge vya mchanganyiko vyenye aspirini visinunuliwe kiholela famasi. Kuanzia mwezi wa tano dawa za jamii hiyo zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto, na kwenye dengi huongeza kutokwa na damu. Aliyeandikiwa aspirini na daktari wake aendelee nayo.

Homa ikifika nyuzi 39, ikivuka siku mbili, au ikija na damu ukeni, kichwa kikali, macho kuona ukungu, degedege, au mtoto kupunguza kucheza, asingoje. Aende kituo cha afya saa hiyo hiyo. Usafiri wa dharura kwa wajawazito hupatikana kwa kupiga 115, bila malipo.

Mwaka 1988 WHO ilikadiria kwamba watoto wachanga 787,000 duniani walikufa kwa pepopunda. Mwaka 2018 walikuwa 25,000. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeitokomeza pepopunda ya watoto wachanga kwa kiwango kinachotakiwa, yaani chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Bakteria mwenyewe hakuondoka. Anaishi kwenye udongo, na hakuna kampeni itakayousafisha udongo wote wa nchi, kwa hiyo kila kizazi cha akina mama kinahitaji kuchomwa upya. Mama, tunza kadi yako ya kliniki kama unavyotunza kitambulisho, ipige picha kwenye simu, na siku ya tatu ikikukuta bado una homa, nenda kapime.